Datsun ya marehemu mjomba: kutoka mbioni hadi foleni ya Ubungo

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wako wa Tabata. Marehemu mjomba ameniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, yenye usukani wa kulia, ambayo aliinunua Nairobi ikiwa tayari ni gari la mashindano, akaendelea kuikimbiza kwa miaka kadhaa, kisha akaifungia uani. Ndani kuna kizimba cha mabomba ya chuma, viti viwili vya mbio, mikanda ya ncha nne, vioo vya milango vya plastiki na swichi nyingi ambazo sijui kazi zake. Haina breki ya mkono, haina feni, haina hata spidi mita. Fundi wangu aliiwasha, ikanguruma vizuri, lakini tulipoitoa barabarani ilizima kila tuliposimama, na kwenye kona ya kuingia nyumbani tairi za nyuma zililia kana kwamba zinaburutwa. Ninataka kuitumia mwisho wa wiki, mimi na mke wangu, kwenda Bagamoyo na kurudi. Fundi anasema tuanze kwa kufungua injini. Je, ni kweli tuanzie hapo? Na je, rangi yake nyekundu yenye boneti nyeusi inamaanisha kuwa ni mojawapo ya zile zilizoshinda Safari?

JIBU

Marahaba, ndugu msomaji, na pole kwa msiba. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuambia uwe mwangalifu kiasi gani kabla fundi hajashika spana.

Ni kweli kwamba 240Z ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara mbili: mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Magari ya timu ya kiwanda yalipakwa rangi nyekundu na boneti nyeusi, na tangu hapo kila aliyekuwa na gari la aina hiyo na makopo mawili ya rangi aliweza kujitengenezea la kwake. Rangi, kwa hiyo, si ushahidi wa chochote. Ushahidi ni namba ya chesisi, ambayo kwenye gari hili imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria, na kwa magari ya usukani wa kulia huanza na HS30; ni namba ya injini, iliyogongwa ubavuni mwa bloku upande wa kulia; na ni karatasi za marehemu, yaani risiti, picha, fomu za kujiandikisha kwenye mashindano, hata stika zilizobaki mlangoni. Vitafute vyote, uvipige picha, kisha ndipo gari liende gereji. Uwezekano mkubwa ni kwamba unalo gari la mtu binafsi aliyependa mbio, lakini hata gari la namna hiyo lina historia yake, na ukishaikata kwa grainda hairudi.

Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni dogo na halina gharama: hakuna kinachotupwa. Kila kitakachofunguliwa kitiwe kwenye boksi na kiandikwe kwa kalamu ya wino mzito. Nimeona vipande adimu vya magari kama hili vikiuzwa chuma chakavu kwa kilo, eti kwa sababu mwenye gari "hakuvihitaji tena".

Sasa nije kwa fundi wako. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba injini inayonguruma vizuri inaweza kusubiri. Gari la mbio ni gari ambalo limeondolewa kila kitu kinachohusiana na kusimama, kusubiri na kwenda polepole. Limetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyevaa kofia ngumu, ambaye nyuma yake kuna gari la mafundi, na ambaye hana haja ya kusimama dakika ishirini nyuma ya daladala. Wewe utafanya kinyume cha hayo yote. Kwa hiyo kazi ianze na vitu vinavyolisimamisha gari, vifuate vinavyomlinda aliyemo ndani, kisha vya kulipoza, na injini ije baadaye.

Nitaanza na kile kilio cha tairi za nyuma, kwa sababu kinanitia wasiwasi kuliko mengine. Unapokata kona, tairi ya nje husafiri umbali mrefu kuliko ya ndani, na kazi ya difu, yaani gia zilizo kati ya tairi mbili za nyuma, ni kuziruhusu zipishane. Wakimbiza magari wengi wenye bajeti ndogo huichomelea difu kwa ndani ili tairi zote mbili zivute sawasawa kwenye vumbi. Kwenye vumbi tairi huteleza na hakuna tatizo. Kwenye lami kavu moja lazima iburutwe, shafti zinabeba mzigo usio wao, na mvua ya masika ikinyesha gari linaweza kukugeuka kwenye mzunguko wa kawaida kabisa. Upimaji wake hauhitaji mashine. Inueni nyuma yote kwa jeki, muweke stendi imara chini, gia iwe huru, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Ikiwa ya upande wa pili inazunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Ikiwa inazunguka upande uleule, msaidizi aishike kwa nguvu huku wewe ukiizungusha ya kwako kwa spana ndefu: ikiachia kwa ukinzani mzito, hiyo ni difu ya kubana yenye sahani ndani, kifaa cha maana ambacho nakushauri ukiache; isipoachia hata kidogo, imechomelewa, na gari hilo lisitoke tena getini mpaka difu ibadilishwe. Yako ya asili inaitwa R180. Difu za familia hiyo zipo pia kwenye Subaru Impreza STI za baadaye, ambazo Dar es Salaam hazijawahi kuwa adimu, ingawa shafti za pembeni hazikubaliani moja kwa moja na zitahitaji fundi mchonga vyuma anayejua anachokifanya.

Breki zinafuata. Kiwandani gari hili lilitoka na diski mbele na ngoma nyuma, na breki ya mkono ilivuta ngoma za nyuma kwa waya. Angalieni kama ngoma bado zipo. Kama zipo, kurudisha breki ya mkono ni suala la waya, wenzo na uvumilivu wa kutafuta spea. Kama zilibadilishwa kuwa diski zisizo na nafasi ya waya, ushauri wangu ni kurudi kwenye ngoma, kwa sababu gari lisilo na breki ya mkono halitapita mbele ya mkaguzi wa magari na wala halistahili kupita. Kisha pedi. Pedi za mbio hutengenezwa ili zifanye kazi zikiwa za moto sana. Zikiwa baridi hushika kidogo tu. Maana yake ni kwamba asubuhi ya Jumapili, kwenye taa za Morocco, kanyago lako la kwanza ndilo litakalokuwa dhaifu kuliko yote, wakati hilo ndilo utakalolihitaji mtoto wa jirani akikatiza na mpira. Wekeni pedi za kawaida. Kama silinda kuu ya breki ina kifaa cha kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kirekebishwe ili tairi za mbele zijifunge kabla ya za nyuma, kisha kifungwe kwa namna ambayo hakuna mtu atakayekichezea. Mafuta ya breki yamwagwe yote na mipira yote ibadilishwe, bila kujadiliana. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na gari lililokaa miaka katika hewa ya Pwani lina maji kwenye breki zake hata kama kikopo juu kinaonekana safi.

Kizimba cha mabomba ndicho kinachowachanganya watu wengi, kwa sababu kinaonekana kama ulinzi. Ni ulinzi kwa mtu aliyevaa kofia ngumu na kubanwa kitini kwa mikanda ya mbio. Kwa mtu mwenye kichwa kitupu, bomba la chuma lililo sentimita chache kutoka sikioni ni nyundo inayosubiri ajali ndogo tu, hata ile ya kugongwa nyuma ukiwa umesimama, na chumba cha 240Z ni kidogo, hakina nafasi ya kujitetea. Kama kizimba kimefungwa kwa bolti, kitoeni chote na mkihifadhi. Kama kimechomelewa, msikimbilie grainda: bakizeni upinde wa nyuma ya viti, na sehemu za mbele na za milangoni ziondolewe na fundi wa bodi anayeweza kukata bila kuumiza bati, baada ya kukagua kama mtu wa kwanza alipunguza chuma cha mwili wa gari akitegemea kwamba kizimba kitachukua kazi yake. Ikigundulika hivyo, chuma hicho kirudishwe kwanza.

Mikanda ya ncha nne nayo iende na kizimba. Inapokushika wima na paa likabonyea, huna pa kuinamia. Na bila mkanda wa katikati ya miguu, kwenye mgongano wa mbele mwili huteleza chini ya ule wa kiunoni, ukaumia tumbo. Mikanda ya mashindano pia ina tarehe ya mwisho iliyoshonwa kwenye lebo. Itazame ya mjomba, nadhani utatabasamu kwa huzuni. Mkanda wa kawaida wa ncha tatu, unaojivuta wenyewe, uliofungwa kwenye sehemu zake za asili, pamoja na kiti chenye mgongo unaorekebishika, ndio utakaomfaa mkeo kwa safari ya Bagamoyo.

Hapa nikiri jambo. Miaka mingi iliyopita nilipanda gari la rafiki yangu lililotoka mashindanoni moja kwa moja, bila feni, na tukaona ni busara kupita Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni. Gari la mbio hupozwa na upepo wa mwendo wake. Likisimama, rejeta ni sanduku la maji ya moto na basi. Kufikia Buguruni mshale wa joto ulikuwa umelala upande wa moto, na mimi, niliyekuwa fundi kwa jina, nikafungua mfuniko wa rejeta kabla haujapoa. Alama iko mkononi hadi leo. Kwa hiyo kwenye Datsun yako wekeni rejeta iliyosafishwa au mpya, feni ya umeme yenye swichi ya joto inayojiwasha yenyewe, na themostati. Wengi hapa mjini huitoa themostati wakidhani wanasaidia. Bila themostati injini huchelewa kupata joto lake, oili hubaki nzito, mafuta ya petroli huosha kuta za silinda, na ukifika kwenye foleni bado itachemka. Kama kuna rejeta ndogo ya oili, iacheni.

Tumefika kwenye injini, na kwa nini inazima. Injini yako ya asili ni L24, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kemshafti moja juu ikizungushwa na cheni. Ni injini ngumu, yenye beringi kuu saba, na mara nyingi bloku yake huvumilia kuliko mwenye gari. Tatizo karibu hakika ni mambo matatu yaliyokutana. La kwanza ni kemshafti ya mbio, ambayo huacha valvu za kuingiza na za kutoa moshi zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hali hiyo huisaidia kupumua. Ikizunguka mara 800 moshi hurudi kwenye manifoldi, mchanganyiko unachafuka, na injini inazima. La pili ni kabureta. Za asili zilikuwa mbili za Hitachi. Zako huenda ni Weber tatu zenye koo pana na jeti kubwa. La tatu ni flaiwili iliyopunguzwa uzito, ambayo haina akiba ya mzunguko wa kuivusha injini unapoachia klachi.

Sikushauri uvunje vyote kwa mpigo. Anza na kabureta, kwa sababu ni kazi ya nje: koo ndogo zaidi, jeti za kulingana nazo, kabureta zote zisawazishwe, na juu yake fungeni kichujio cha hewa, maana kuna magari ya mbio yenye tarumbeta tupu pasipo kichujio chochote, na vumbi la njia za Tabata litasaga pistoni ndani ya miezi michache. Fungueni distribyuta pia, yaani kigawa cheche, muone kama mfumo wake wa kuwahisha cheche umefungwa usisogee. Kama umefungwa, ufunguliwe. Plagi za mbio, ambazo ni za "baridi", zibadilishwe, kwa kuwa mwendo wa polepole huzijaza masizi. Baada ya hapo liendeshe wiki mbili. Ukiridhika, kemshafti ibaki. Kuna raha yake katika injini inayotetemeka kidogo kwenye taa nyekundu, na sitakunyang'anya.

Usiporidhika, ndipo kemshafti ya kawaida inunuliwe, na hapa fundi awe makini kuliko mahali pengine popote. Kwenye L24, roka, yaani vijimkono vinavyosukuma valvu, hutelezea moja kwa moja juu ya nundu za kemshafti, hakuna kitu kati yao ila oili. Kwa hiyo kemshafti mpya haikubali roka za zamani zilizolika kwa umbo la nyingine. Zipakwe grisi ya kuunganishia injini, na injini ikiwaka kwa mara ya kwanza isiachwe ikinguruma polepole: ishikiliwe kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika ishirini, ili oili irushwe juu ya kutosha na nyuso zizoeane. Nafasi ya valvu kwa kemshafti ya asili, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa moshi. Injini ikiwa ya moto ni 0.25 na 0.30. Kemshafti ya mbio ina vipimo vyake, visichanganywe na hivi.

Kama silinda hedi itafunguliwa kwa sababu hiyo au nyingine, tazameni mambo mawili. Mosi, mgandamizo. Injini ya asili ilikuwa karibu na tisa kwa moja. Ya mbio huweza kufika kumi na moja au zaidi, na kwa petroli ya kituoni utasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo unapopanda mlima. Mlio huo hutoboa pistoni. Njia ya kupunguza ni pistoni zenye kibonde au gaskiti nene, lakini hedi ikipanda au ikiwa ilichongwa zamani, umbali kati ya kemshafti na krenki hubadilika na taimingi ya cheni huvurugika. Ndiyo maana gia ya kemshafti ina matundu matatu ya kuipanga upya, na fundi asiyeyajua ataitafuta nguvu iliyopotea kwenye kabureta mwezi mzima. Pili, viti vya valvu. Hedi za mwanzo za injini hizi zilikuwa na viti vya jamii ya shaba, vilivyotegemea petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia Januari 2006. Vichongwe viti vipya vya chuma kigumu mara moja, msirudie kazi.

Chini ya gari nitapita haraka. Kama mjomba alikimbia kwenye vumbi, springi zitakuwa ndefu na ngumu, na shokapu zitakuwa za kuruka mashimo. Kwa matuta ya mtaani urefu huo ni baraka, nisingeushusha. Ila springi laini kidogo zitamwokoa mkeo na maumivu ya mgongo. Viungo vya chuma kwa chuma mahali pa bushi virudishwe kuwa bushi za mpira, kwa kuwa hupiga kelele na hulika haraka visipofunguliwa na kukaguliwa kila baada ya safari. Sahani nene ya chuma iliyo chini ya injini iacheni ilipo. Ukishapanda tuta moja lililojengwa na wananchi wenyewe usiku utaelewa ni kwa nini. Tairi zitazamwe tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2118 maana yake ni wiki ya 21 ya mwaka 2018. Za mjomba, hata zikiwa na meno, zimekuwa mawe.

Umeme ni kazi ya wayaringi mpya kuanzia betri. Usimruhusu mtu aunganishe taa, indiketa, honi na waipa kwenye nyaya za mbio zilizopita bila fyuzi. Swichi kuu ya kukata umeme ibaki, inafaa kwa usalama na dhidi ya wezi pia, kwa kuwa loki ya usukani yaelekea iliondolewa. Vioo vya plastiki hukwaruzika, na usiku, taa za gari linalokuja zikiwapiga, huoni kitu. Kioo cha mbele hasa kiwe cha tabaka mbili. Sailensa irudi kwenye eksosi. Kutu itafutwe chini ya kitako cha betri, sakafuni na kwenye reli zilizo chini ya sakafu, ambako magari haya huanza kuoza mbali na macho.

Karatasi nazo zina mpangilio wake. Kwa kuwa mwenye gari ni marehemu, atakayesaini uhamisho wa umiliki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Bila barua hiyo TRA haitakuelewa. Kama gari bado lina namba za Kenya, hilo ni suala la forodha na litatuliwe kabla hujanunua hata bushi moja. Hakikisha namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kadi, kwa sababu magari ya mbio hubadilishiwa injini kama shati. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, lakini bima ya mtu wa tatu ni lazima, na ukitaka bima kubwa mwambie wakala wazi kwamba gari limetoka mashindanoni na mkubaliane thamani kwa maandishi. Kizimamoto na pembetatu za tahadhari viwemo. Trafiki wetu watakusimamisha kila kona, si kwa kosa, bali ili waulize ni gari gani hili.

SWALI

Fundi, habari za kazi. Niko Kigamboni na nina gari dogo la mbio ambalo tangu liegeshwe linanukia petroli ndani, na likitembea dakika kumi linakatakata kisha linazima. Pampu ni mpya. Tanki ni la mbio, lile la boksi lenye mfuko ndani.

JIBU

Nzuri, ndugu yangu. Usiliwashe tena kabla hujasoma hadi mwisho. Ndani ya mfuko huo wa mpira kuna sponji inayozuia petroli isirukeruke na isilipuke kwa urahisi wakati wa ajali. Vyote viwili vina umri: mifuko iliyoidhinishwa na FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, huhesabiwa miaka mitano tangu kutengenezwa. Baada ya hapo sponji huanza kumung'unyuka kuwa unga, unga huo huziba chujio, na pampu yako mpya inavuta matope. Vuta chujio, likate, ulikung'ute juu ya karatasi nyeupe; ukiona chembe za manjano au nyeusi kama mchanga, umepata jibu. Ile harufu ni mfuko au mpira wa pumzi uliopasuka, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko kuzima njiani, hasa gari likiwa ndani ya pantoni, limebanwa na mengine. Gari likiwa nje uwanjani, mbali na moto, toa petroli yote uitie kwenye madumu, toa tanki lote, na kama gari sasa ni la barabarani, rudisha tanki la bati la asili lililooshwa na kupimwa, lenye mfuniko unaofungwa kwa ufunguo na bomba la pumzi linalotokea nje ya gari. Rudisha pia ukuta wa chuma kati ya tanki na viti, kama kuna mtu aliuondoa.

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, Upanga. Mume wangu amenunua Corolla ya zamani iliyokuwa ya mashindano, yenye mabomba ndani na viti vya mbele peke yake vya mbio, na amerudisha benchi la nyuma ili awe anawapeleka watoto shule. Anasema mabomba yanawafanya wawe salama zaidi. Ni kweli?

JIBU

Marahaba, mama. Si kweli. Mwonyeshe mumeo nilichomwandikia ndugu wa Tabata kuhusu kichwa kisicho na kofia, kisha mwombe akae yeye mwenyewe kwenye hilo benchi la nyuma, ainamishe kichwa upande wa mlango na mbele, na aguse kwa mkono kila bomba ambalo kichwa chake kinalifikia. Kwenye gari nyingi za aina hiyo mabomba ya kuegemeza upinde mkuu hupita juu kabisa ya benchi, hadi kwenye matao ya tairi, mahali ambapo mtoto anaruka akiwa amefurahi. Sponji ya kuvalisha mabomba haitoshi. Ile laini inayouzwa kwa mita hubonyea hadi kwenye chuma. Muulize pia mikanda ya nyuma imefungwa wapi. Kama imefungwa kwenye bomba badala ya mwili wa gari, watoto warudi kwenye basi la shule kuanzia kesho, na Corolla ibaki yake ya Jumamosi mpaka mabomba ya nyuma yatoke na mikanda ishikizwe kwenye matundu yake ya kiwandani, ambayo kwa kawaida yapo bado, yamefunikwa tu na zulia.